Siku moja maishani mwangu: mpima sauti wa Mji Mkongwe

Saa 11:30 alfajiri. Adhana imekwisha, bodaboda bado hazijaamka, jenereta za hoteli nazo kimya. Hii ndiyo saa ya kupima, chai itangoja. Maabara yetu ni chumba cha chini katika nyumba ya zamani, kuta za mawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, juu boriti. Ukuta haunisumbui. Mlango ndio adui, maana sauti ni kama maji, ikipata ufa imeshapita. Tumeuzungushia mpira pembeni kote.

Kwanza kipaza sauti, yaani maikrofoni. Hulala kwenye mkebe wenye vidonge vya kufyonza unyevu, la sivyo masika ikikolea huanza kukwaruza. Nakivisha kifaa cha kukisahihishia, kinachotoa mlio mmoja tu: desibeli 94 (ndio ukubwa wa sauti) kwenye Hertz 1,000 (ndiyo mitetemo kwa sekunde). Mita ikisoma 94, tunaanza. Feni nazima, na jasho linaanza hapo hapo. Kipimajoto kiko mezani, kwani joto likipanda digrii moja mwendo wa sauti huongezeka karibu mita 0.6 kwa sekunde.

Saa 1 asubuhi. Wiki hii tunapima usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Kina mama wa Jambiani, wanaofukia makumbi ufukweni na kuyaponda mpaka yatoe nyuzi za kusokotea kamba, wametushindilia vibao vya unene wa sentimita 5. Swali: vinafyonza sauti kiasi gani? Nakata kipande cha duara, nakisukuma mwisho wa bomba la sentimita 10; upande wa pili spika, katikati vipaza sauti viwili vinavyolinganisha sauti inayokwenda na inayorudi. Bomba la upana huu haliaminiki kupita Hertz 2,000 hivi. Kipande kikilegea pembeni matokeo yanakuwa mazuri mno, na matokeo mazuri mno siyaamini.

Wageni hupenda kuniuliza kuhusu vile vyumba visivyorudisha sauti, kama cha Microsoft kule Redmond, Marekani, kilichopimwa desibeli 20.6 chini ya sifuri mwaka 2015, na sifuri ndiyo karibu sauti ndogo kabisa sikio linayoisikia. Kizuri, lakini kazi hii inataka kinyume chake: chumba kitupu chenye kuta ngumu, cha mita za ujazo 200, sauti izunguke kila upande. Chetu hakifiki hata nusu. Ndiyo maana ya bomba.

Saa 3. Mji umeamka, kupima basi. Chai, mkate wa ufuta, na grafu. Usumba unafyonza vizuri sauti za juu, zile nyembamba. Za chini, zile nzito, zinapita kama hazijauona. Sauti ya Hertz 125 ina wimbi la karibu mita 2.8, na ili kuifyonza vizuri kibao kinataka unene wa karibu robo yake, sentimita 70. Nani ataweka kibao cha unene huo? Dawa ni kuacha nafasi ya hewa baina ya kibao na ukuta.

Mchana, swala, chakula, barua pepe.

Saa 10 jioni. Skuli moja mtaa wa Ng'ambo, wanafunzi wamekwishatoka. Sakafu ya saruji, bati juu, hakuna pazia. Kwa darasa la kawaida, kipimo kinachopendekezwa ni sauti ishuke desibeli 60 ndani ya sekunde 0.6. Napasua puto.

"Maalim, umetuua!" vijana waliobaki uwanjani wanacheka.

"Ngojeni la pili."

Barabara ilivyo na kelele, desibeli 60 kamili sizipati. Napima mshuko wa 20 na kuzidisha mara tatu. Sekunde 1.7. Mwalimu wa zamu ananiambia, "Ndiyo maana mie kila Ijumaa koo sina." Walio nyuma wanasikia irabu tu, konsonanti zimemezwa na mwangwi.

Saa 2 usiku. Ripoti. Nimependekeza vibao vifungwe nyuma ya darasa na chini ya bati, viachiwe nafasi ya hewa ya sentimita 10. Mwenzangu anataka tuipeleke usiku huu huu. Nimekataa, kwani usumba mkavu unashika moto upesi, na pale ni watoto. Kesho tunaloweka vipande kwenye maji ya boraksi, dawa ya kupunguza kushika moto, tunavikausha, halafu vinarudi kwenye bomba tuone kama dawa imeziba vitundu vya hewa.