Boti Yangu Inapita Bahari Gani

Jana simu ilitetemeka tukiwa mezani, nikasema kwa mazoea, "Ah, boti hiyo." Mdogo akaacha kula.

"Baba, una boti? Inapita bahari gani?"

Nikacheka, nikamwambia amalize ugali. Lakini nilikuwa nimesharudi Jumapili ile ya Mei 12, 2024.

Boti yangu ni programu tu, inayojiendesha na kunitumia ujumbe kwa Telegram, nayo ilikuwa na kazi moja tu. Ikae kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhudumia nyingine, ya kukodi Frankfurt, Ujerumani, kila dakika 5 ibishe hodi kwenye seva yetu ya mauzo Kariakoo, ikikosa jibu iniandikie. Niliiweka mbali makusudi. Ile ya kwanza niliiweka ndani ya seva ileile. Umeme ulipokatika zikazimika zote mbili, nami nikalala fofofo nikijua kimya kile ni heri.

Asubuhi ile intaneti ikagoma. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Nalo likagoma. Kwenye saa kumi jioni mtandao ukapumua kidogo, zikamiminika zote kwa mkupuo: SEVA HAIPATIKANI, SEVA HAIPATIKANI, sitini na kitu. Simu ikajisogeza yenyewe hadi ukingoni mwa meza. Nikadandia bodaboda na kandambili zangu miguuni.

Mlinzi akanifungulia. "Kijana, mbona unahema hivyo?"

Chumba kilikuwa na baridi yake ya siku zote. Taa za kijani zinakonyeza, feni zinavuma. Nikaweka kiganja juu ya seva kama mtu anavyompima mtoto homa. Vuguvugu la kawaida. Nikachomeka waya kwenye laptop, ukurasa ukafunguka papo hapo. Nikatazama mauzo: duka la dawa la Mbagala limeuza tangu asubuhi, risiti juu ya risiti, ya mwisho dakika 2 zilizopita. Dawa ya kikohozi, chupa moja. Kiganja bado kipo juu ya seva.

Usiku ndipo nikasikia kwamba nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na ng'ambo, zimekatika chini ya bahari. Mbagala kuja Kariakoo hakuna bahari ya kuvuka. Frankfurt ndiyo iliyokuwa haituoni.

Nikaongeza boti ya pili hapahapa Dar, inayotuma SMS, maana Telegram yenyewe iko ng'ambo. Bosi aliuliza tu, "Kwani Mbagala hawana simu?" Na siku ile simu zilikuwa zinaita vizuri kabisa.

Mdogo nimemjibu: Bahari ya Hindi. Sasa anataka kuipanda.