Mkono usionyooka

Juzi mwanangu, ambaye ameanza kujifunza judo, alitaka tupimane urefu wa mikono ukutani, akagundua kwamba wangu wa kushoto haunyooki wote. "Baba, huu ulianguka nao?"

Sikuanguka. Ilikuwa Abu Dhabi, mwishoni mwa Januari 2009, siku ilipotufikia habari kwamba Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kupambana tuliokuwa tukijifunza, amefariki huko Petrópolis, Brazili, akiwa na miaka 95. Mwalimu wetu, Mbrazili asiyependa maneno mengi, jioni ile alituketisha kwenye mkeka akatusimulia, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, juu ya mwaka 1951: jinsi Masahiko Kimura, bingwa wa judo wa Japani, alivyomkunja Hélio mkono uwanjani Maracanã hadi ukavunjika, na bado akakataa kusalimu amri, mpaka kaka yake Carlos alipotupa taulo. Mkunjo ule Wabrazili wameuita kimura hadi leo, nami sijaona heshima nyingine kama hiyo kwa aliyekushinda nyumbani kwako.

Kisha tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa dereva wa Kipakistani, mzito kuniliko, na haukupita muda akawa amenidaka kifundo cha mkono wa kushoto, amepitisha mkono wake wa pili juu ya bega langu na kuufunga kwenye kifundo chake mwenyewe, akaanza kuusukuma wangu kuelekea mgongoni, polepole, kama mtu anayefunga mlango ambao mtoto amelala nyuma yake. Jasho lake lilinidondokea sikioni. Kiganja changu cha kulia kilikuwa huru, shubiri moja tu juu ya mkeka; kugonga mara mbili, ishara ya kusalimu amri, kungetosha. "Bas, bhai," akaninong'oneza, maneno ambayo Mswahili hahitaji mkalimani. Nikamfikiria mzee wa Petrópolis, nikakikunja kiganja. Kiwiko kikalia kama muwa unaovunjwa gotini.

Dereva ndiye aliyelia. Mwalimu, huku akinifunga mkono kwa mkanda wangu mweupe, aliniuliza swali moja: "Hélio alikuwa na kaka pembeni. Wewe ulikuwa na nani?"

Mwanangu hakuridhika na kisa kitupu, akataka aonyeshwe. Nikamlaza kwenye zulia, nikamshika taratibu, nikaukunja mkono wake kidogo, nikangoja agonge.

Hakugonga. Nikamwachia.