Kiungulia cha Saa Tatu Usiku

Mwaka 2021, katika kliniki moja ya Eastlands, Nairobi, majibu ya muuza mitumba wa Gikomba yalitutatiza. Kwa miaka miwili alikuwa akimeza TLD, dawa ya virusi vya UKIMWI, kile kidonge kimoja chenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50, na virusi vilikuwa havionekani kwenye kipimo. Sasa kipimo kilisoma nakala 1,900 kwa mililita ya damu.

Tulihesabu vidonge. Alipewa 90, siku 62 zimepita, chupani vimebaki 28. Kwetu hesabu kamili namna hiyo huzua shaka kuliko hata yenye kasoro, maana wapo wanaomwaga vidonge chooni asubuhi ya kliniki. Tukamhoji kama mshukiwa.

"Daktari, sijaruka hata siku moja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

Muuguzi mkongwe ndiye aliyemwambia, "Mzee, hebu nieleze usiku wako, tangu chakula." Saa mbili anakula. Saa tatu simu inalia, anameza TLD. Kiungulia kikimshika hapo hapo, anatafuna vidonge viwili vya duka la dawa. Vilikuwa vya magnesiamu na alumini.

Dolutegraviri hufanya kazi kwa kung'ang'ania magnesiamu iliyo kwenye kimeng'enya ambacho virusi hutumia kujipachika ndani ya chembe zetu. Uchu huo huo wa madini huifanya ishikane na dawa ya kiungulia tumboni, na ikishashikana haifyonzwi, inatoka na choo. Zikimezwa pamoja, karibu robo tatu yake haifiki kwenye damu. Dawa mbili zilizobaki hazitoshi, na virusi huwahi kujifunza kuikwepa lamivudini.

Dawa hatukubadilisha. TLD humezwa angalau masaa mawili kabla ya dawa hiyo ya kiungulia, au masaa sita baada yake. Basi tukaihamishia saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajapanda matatu. Baadaye tukampa omeprazoli, ambayo haigombani na dolutegraviri. Baada ya miezi mitatu: chini ya 50.

Siku hiyo alikuja na swali la mkewe, mjamzito, naye yuko kwenye TLD na ameandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Chuma kina nafuu: kikimezwa pamoja na TLD wakati wa chakula, hakuna shida. Tumbo likiwa tupu, yale masaa yanarudi.

"Basi atakula kwanza," akasema, akatia chupa mfukoni.