Nilivyofanikiwa kupiga picha za jalidi

Jalidi, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya vioo na mimea wakati wa baridi kali, ni ngumu kuipiga picha. Ukiiona dirishani asubuhi, matawi yake membamba ya barafu yamejikunja kama makangaga, lakini kwenye picha mara nyingi hubaki ukungu mweupe tu. Kilichonisaidia zaidi ni mwanga wa ubavuni. Nimezima flashi kabisa. Nyuma ya kioo, kwa nje, natundika kitambaa cheusi, kisha nasubiri jua la asubuhi likiwa bado chini lipige kwa pembeni. Hapo kila mshipa wa barafu unatoa kivuli chake na mchoro unajitokeza.

Dirisha lenyewe ni la kioo kimoja, kwani vioo viwili huzuia baridi isifike upande wa ndani. Nimeacha kulisugua, maana mikwaruzo, vumbi na mistari iliyoachwa na kitambaa ndiyo inayoipa barafu mahali pa kuanzia na njia ya kufuata.

Kwa mimea, natazama anga jioni. Usiku usio na mawingu wala upepo, majani hupoteza joto hadi yakawa baridi kuliko hewa yenyewe. Kipimajoto kilicho juu kidogo ya ardhi kinaweza kusoma nyuzi 2 za Selsiasi huku jani likiwa limeshuka chini ya sifuri. Mvuke ukiligusa, hugeuka barafu moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Kwenye jani la waridi niliona sindano za barafu zimesimama juu ya kila jino la ukingo, ilhali katikati pamebaki kijani. Napenda picha hiyo kuliko zote.

Kamera naitanguliza nje ipoe, betri nazihifadhi mfukoni zisiishiwe nguvu kwa baridi, na nikisogea karibu nageuza uso, kwa kuwa pumzi moja inatosha kuharibu kila kitu. Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, aliyepiga picha ya chembe ya theluji mwaka 1885, alipiga na jalidi ya madirishani. Kazi yake ilinitia moyo sana.

Sasa naanza na mimea iliyo upande wa mashariki, kwa sababu ndiyo inayofikiwa na jua kwanza. Dirisha hufuata, mradi chumba hakijawashwa moto.