Mshambuliaji akipoteza mpira

Mtoto wa ami yangu anayeishi Maryland, Marekani, kanitumia video ya mwanawe. Ni fupi, muziki umewekwa kwa sauti ya juu, na kila kijana anapopiga, mpira unaingia wavuni. Chini yake kaandika: "Maalim, nambie kweli, huyu ana kitu?"

Ananijua mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Nasomesha skuli hapa Wete, na jioni utanikuta pembeni mwa kiwanja chochote chenye vijana wanaocheza, iwe hapa mjini, Konde au Chake. Kuna klabu za Unguja ambazo zikisikia jina la kijana wa Pemba hunipigia simu niende nikamtazame. Wananiita skauti. Malipo yake ni vocha ya simu, na siku wakikumbuka, nauli ya gari. Lakini mwanawe hachezi mpira wa miguu. Anacheza lakrosi.

Ikabidi nisome kwanza. Lakrosi ya wanaume wa skuli huchezwa na watu kumi kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Kila mmoja ana fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha yake, na mpira ni wa raba, mdogo, unaenea kiganjani. Fimbo ya beki ni ndefu kuliko ya mshambuliaji, na beki anaruhusiwa kukugonga nayo kwenye fimbo yako na kwenye glavu. Goli ni mraba wa mita 1.83 tu, limezungushiwa duara ambalo mshambuliaji hatakiwi kulikanyaga. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba goli haliko mwisho wa uwanja. Nyuma yake imebaki nafasi ya mita kumi na kitu, na mchezo unaendelea huko huko. Mshambuliaji anasimama nyuma ya kipa na mpira wake, anatazama wenzake wanavyokimbia mbele ya goli, kisha anatoa pasi. Kipa anageuka huku, anageuka kule. Mimi ningekuwa kipa ningeomba kutoka.

Mchezo wenyewe ni wa wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini, Wahaudenosaunee wakiwemo, nao mpaka leo wana timu yao ya taifa. Kule Maryland sheria ya jimbo iliutangaza mwaka 2004 kuwa mchezo rasmi wa timu wa jimbo. Wala hauko mbali nasi kama nilivyodhani: Uganda walicheza mashindano ya dunia mwaka 2014 pale Denver, wa kwanza kutoka Afrika. Na mwaka 2028 utakuwemo kwenye Olimpiki ya Los Angeles, kwa timu za watu sita sita.

Narudi kwenye ile video. Video ya magoli ni mshenga: hajaja kwako kukueleza ubaya wa bwana harusi. Nikamwambia ndugu yangu, nitumie mechi nzima, kuanzia filimbi ya kwanza, na kama ipo mechi waliyofungwa nitumie hiyo. Akacheka. Mechi waliyofungwa nani aliihifadhi? Lakini akaipata, kwa mzazi mwengine, imepigwa kutoka jukwaani na mkono unaotetemeka. Bando langu lote la wiki likaishia hapo.

Ndani ya mechi ile nikamuona kijana mwengine kabisa.

Sheria ya lakrosi inataka kila timu iwe na watu wasiopungua watatu kwenye nusu ya kushambulia wakati wote. Kwa kawaida wanaobaki ni washambuliaji. Kwa hiyo mpira ukishapotea na kuvuka kati, mshambuliaji hana la kufanya ila kusubiri. Kazi yake ya kukaba iko kwenye zile sekunde chache baada ya kuupoteza: amsumbue kipa anayetaka kuutoa, amfunge njia beki, amlazimishe apige pasi mbovu. Hapo ndipo unapomjua. Kwenye video ya magoli hakuna hata sekunde moja ya namna hiyo.

Huyu mtoto anakimbiza. Wenzake wawili wanageuka wakirudi katikati kwa kutembea, yeye anamfuata beki mwenye fimbo ndefu mpaka kwenye mstari, anaramba vumbi, anainuka. Mara moja aliupata. Haikuzaa goli na hakuna aliyempigia makofi.

Jambo jengine lilinikalisha vizuri kwenye kiti. Kwenye lakrosi, shuti likitoka nje, mpira hapewi kipa kama kwetu. Unapewa timu ya mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na mpira pale ulipotoka. Sasa tazama: mwenzake anapiga, macho ya watu wote yako golini, na huyu mtoto tayari yuko mbioni kwenda mstari wa nyuma, fimbo ameinyoosha. Shuti likikosa, mpira bado ni wao. Hilo hakufundishwa siku moja. Mchezaji wa aina hiyo anafikiria juu ya jambo ambalo halijatokea.

Ubaya wake nao upo. Magoli yote ya kwenye video ni ya mkono wa kulia. Kwenye mechi nzima, beki mmoja mjanja aligundua hilo mapema, akawa anamsukuma kushoto kila mara, na kijana akapotea kwa robo nzima ya mechi. Nimemwandikia baba yake hivyo hivyo bila kuzungusha: kijana ana akili ya mchezo na ana roho, lakini mkono wa kushoto haupo, na kocha yeyote wa chuo ataliona hilo kabla hajamaliza kahawa yake.

Makocha wa vyuo ndio habari yenyewe. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kule, kilipitisha kanuni mwaka 2017 kwamba makocha wa lakrosi wa daraja la kwanza wasizungumze na mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakitoa ahadi kwa vyuo hata sekondari hawajaianza vizuri. Kijana wetu anaingia darasa la 11 mwaka huu. Ndiyo maana ya video, ndiyo maana ya muziki.

Nakiri niliona wivu kidogo. Si wa pesa zao. Ni wa ile tarehe. Kuna siku imeandikwa, na kabla yake mtu mzima anatakiwa amwache mtoto asome.

Huku kwetu hakuna tarehe. Mwaka 2025, Januari, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa hapa Pemba, uwanja wa Gombani, na timu yetu ya Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, Pemba nzima ililala imechelewa. Tangu hapo kila baba mwenye mtoto anayejua kupiga chenga anamuona Feisal Salum wa pili, yule nyota wetu wa Zanzibar. Na watu wa kuwatilia maneno hawakosekani. Ninaye kijana mmoja hapa, yuko kidato cha nne, mshambuliaji, kasi yake usiombe. Anafunga karibu kila mechi ya skuli. Alikwishatokea bwana mmoja na habari za kumpeleka nje ya nchi, mtoto hajatimiza 18, wakati kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya umri huo ziko wazi: haruhusiwi, ila kwa sababu chache sana zilizotajwa. Nilimuuliza yule bwana anazijua hizo sababu. Akaniambia mambo yanabadilika, Maalim.

Klabu ya Unguja nayo inamtaka aende majaribio. Wanataka niwaandikie.

Tangu nitazame lakrosi ya watu, nimekuwa nikimwangalia kijana huyu kwa jicho jipya, yaani simtazami akiwa na mpira. Na nilichokiona kwanza hakikunifurahisha. Akiupoteza, anaweka mikono kiunoni. Beki anaondoka na mpira, yeye anamtazama mwamuzi. Mtu aliyekuja siku moja kutoka mjini angeandika "mvivu" na kupanda boti.

Lakini huu ni msimu wa karafuu. Nilimuuliza mwalimu wake wa darasa, akaniambia kijana anapanda mikarafuuni kuchuma na kaka zake tangu alfajiri siku zisizo za skuli, na jioni yake ndiyo anakuja kiwanjani. Miguu iliyoshinda juu ya mti haikimbizi beki. Nikaenda kumtazama tena siku ya katikati ya wiki, katoka darasani tu, na safari hii mikono haikukaa kiunoni mpaka kipindi cha pili kilipokaribia kwisha. Alimfuata beki wa pembeni mara kadhaa na mara mbili akampora. Hakufunga goli siku ile. Mimi nilirudi nyumbani nimeridhika kuliko siku aliyofunga matatu.

Kwa hiyo nimeandika hivi: kasi ni ya kweli, mguu wa kushoto unamwezesha kupiga lakini si kutuliza mpira, anakaba akiwa hajachoka, msimhukumu kwa mechi moja ya jioni ya Jumamosi, njooni wawili, na mmoja akae upande wa mabeki. Na majaribio yasiwe kabla hajamaliza mtihani wa kidato cha nne. Hilo la mwisho nililipigia mstari chini, kwa kuwa tarehe tusipoiweka sisi hakuna atakayetuwekea.

Jana baada ya alasiri nilikwenda kwao kumsomea mama yake. Bibi mkubwa naye alikuwepo, anapukuchua karafuu barazani, anasikiliza bila kuinua kichwa. Mama mtu hakuuliza habari ya kasi wala ya mguu wa kushoto. Kauliza: "Maalim, akifika Unguja atalala kwa nani, na atamlisha nani?"

Nikawapigia klabu pale pale, mbele yake, simu nimeweka spika. Wakasema hilo watalizungumza kijana akishafaulu majaribio. Bibi akainua kichwa. "Waambie walizungumze kwanza," akasema, "majaribio baadaye." Nimewatumia ujumbe kwa maneno hayo hayo ya bibi. Umesomwa, mpaka sasa haujajibiwa.