Bafta nilimuua kwa soda, Kaniki nikakataa

Nianze na aibu yangu, wanaotaka kucheka wacheke mapema. Sungura wangu wa kwanza, Bafta, mweupe pe, nilimuua mwenyewe. Alishinda amejikunyata pembeni mwa banda, hagusi majani, tumbo limejaa kama ngoma. Jirani yangu hapa Makorora, mtu mzima ninayemheshimu, akasema, "Huyo ana gesi, mwanangu. Mpe soda acheue." Nikaona ni akili. Nikanunua soda, nikamnywesha kwa kijiko huku nambembeleza. Saa mbili hazikuisha.

Baadaye ndipo nikajua kwamba sungura hawezi kutapika, na gesi ikishamjaa hana uwezo wa kuicheua kama sisi. Kilichoingia mdomoni kina mlango mmoja tu wa kutokea, tena uko mbali. Mimi nilimwongezea gesi juu ya gesi.

Kaniki, mweusi tii, nilimchukua kwa nadhiri: huyu akigoma kula, simuulizi mtu wa mtaani.

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, kaskazi imeanza, joto la Tanga mnalijua, hata kuku wanatweta. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 30 yuko taabani. Juu ya joto hilo, watoto wa dada yangu walikuja likizo kutoka Muheza, wakapata mchezo wa kumlisha mahamri. Nilipowabana: "Tulimpa kidogo tu, mamdogo." Kidogo kwa siku tatu. Tumbo la sungura linaendeshwa na majani yenye nyuzinyuzi. Ukilijaza unga na sukari, linapunguza mwendo, kisha linasimama.

Nilijuaje? Kwa mavi. Chini ya banda huwa natandika kiroba cheupe, na kila asubuhi nakikung'uta nikiwa nimekikodolea macho. Watu wa nyumbani wananicheka. Sungura mzima anatoa gololi 200 hadi 300 kwa siku, mviringo, kavu, saizi moja kama mbaazi. Asubuhi ile zilikuwa chache, ndogo, nyingine zimeungana kwa unyoya kama ushanga. Magharibi, kiroba kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani. Nikampelekea kotmiri, ambayo siku zote hunipokonya mkononi. Akageuza uso. Nikamshika masikio: baridi, katika joto lile! Na alikuwa anasaga meno, krr, krr, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Kuna kusaga kwa raha, anapokunwa kichwa, kwa taratibu sana. Hii haikuwa raha.

Nikakimbilia duka moja la dawa za mifugo kule Ngamiani. Muuzaji hakuuliza uzito, hakuuliza chochote, akanitolea vidonge vya amoksilini. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeshasoma: dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni zinaua bakteria wema walioko tumboni mwa sungura, wabaya wanatawala, na mnyama anakwisha. Nikazirudisha. "Basi dada, subiri kesho uone." Kesho gani? Sungura akipitisha muda wa saa 12 hali wala hanyi, hiyo ni dharura, si jambo la kusubiri kupambazuke.

Nikapiga simu sijui ngapi. Wawili waliniuliza, "Ni wa kula au wa kufuga?" Mmoja akanishauri nichinje kabla hajakonda. Wa mwisho, daktari wa mifugo mzee kidogo, akasema, "Mlete sasa hivi." Bajaji ikanipiga bei ya usiku, sikubishana.

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 37 na kitu; alitakiwa kuwa na 38.5 hivi au zaidi. Akampapasa tumbo muda mrefu, kimya, mimi roho juu. "Halijaziba," akasema. "Lingekuwa limevimba na kukaza kama puto, ningekukataza kumlisha chochote." Akamchoma sindano ya maumivu, nyingine ya kuamsha utumbo, na maji chini ya ngozi ya mgongoni mpaka akaota nundu kama ng'ombe. Yote elfu 30 na ushee. Kisha akaniachia kazi: mpashe joto kwanza, halafu mlishe kidogo kidogo usiku kucha.

Joto lilikuwa rahisi, chupa ya maji moto ndani ya soksi. Kulisha, jamani! Nilisaga ukoka mkavu kwenye blenda ya juisi (mume wangu hajui mpaka leo), nikalainisha kwa maji vuguvugu, nikavuta kwa sirinji. Ikaziba. Nikasukuma kwa nguvu, ikafyatuka, na dari ya jikoni ina doa la kijani hadi leo. Nikachuja kwa chujio la chai. Safari hii uji ulitoka vizuri, ukaishia wote kwenye dera langu. Mume wangu akajitolea kumshika, akapigwa teke moja la mguu wa nyuma, akaenda kutafuta spiriti na hakurudi.

Ndipo nikaikumbuka kanga yangu ya "Hasidi hana sababu". Nikamfunga Kaniki kama mtoto wa siku saba, kichwa tu nje, miguu haina pa kurushia teke. Sirinji nikaipitishia ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, pana pengo pale. Tone, ngoja atafune. Tone, ngoja. Ukifanya pupa unamjaza mapafu. Mililita 15 zilinichukua karibu nusu saa, na baada ya saa nne unaanza upya.

Saa 10 alfajiri nilikuwa nasinzia sakafuni nikasikia kitu kimedondoka kwenye kiroba. Tap. Nikawasha tochi ya simu. Ndogo, zimepinda, lakini saba! Nikakimbia chumbani kumwamsha mume wangu aje aone. Akafumbua jicho moja, akanitazama na kiganja changu kilichojaa mavi, akauliza, "Umeosha mikono?"