Siku moja na benzoili kloridi, masika, Moshi

Saa 12 asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha. Wengine wanawaza matope ya njiani, mimi nawaza unyevu wa maabara. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wana zoezi la benzoili kloridi leo, kemikali kali ya maabara, na dawa hiyo na maji haviivi chungu kimoja.

Saa 2. Natoa vyombo kwenye oveni, vikavu kabisa. Muhula uliopita nilikuta chupa iliyofungwa ovyo: fuwele nyeupe za asidi ya benzoiki zimeganda mdomoni. Unyevu wa hewani ulikuwa umeshaila dawa yetu na kuigeuza asidi hiyo. Iliniuma, maana chupa nyingine huja baada ya miezi.

Saa 3. Naifungua chupa ya benzoili kloridi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Kimiminika hakina rangi, ni kizito kuliko maji, huchemka nyuzi 197. Papo hapo ukungu mweupe unapanda: haidrojeni kloridi, inayozaliwa mvuke ukigusana na unyevu. Ukiukaribia bila kinga, machozi yatakutiririka. Wanakemia Wajerumani Liebig na Wöhler waliipata benzoili kloridi mwaka 1832 kwa kupitisha klorini kwenye mafuta ya lozi chungu. Siku hizi unaweza kuchemsha asidi ya benzoiki na thionili kloridi, kemikali nyingine yenye klorini, lakini gesi zinazotoka ni za sumu na kabati letu ni moja tu. Hapa hatuitengenezi.

Saa 4. Wanafunzi wanatia anilini, kimiminika chenye nitrojeni, na maji yenye sodiamu haidroksaidi, yaani alkali kali, kisha benzoili kloridi tone kwa tone, huku wanatikisa. Binti mmoja ananiuliza, “Mwalimu, si ulisema maji ni adui? Mbona tunaitia majini?”

Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote. Maji baridi hayachanganyiki vizuri na benzoili kloridi, kwa hiyo yanaila polepole. Nitrojeni ya anilini inaiwahi. Klorini inang’oka, benzoili inashika nafasi kwenye nitrojeni, na sodiamu haidroksaidi inameza asidi inayotoka. Ndiyo njia ya wanakemia Schotten na Baumann. Harufu kali ikiisha, kazi imeisha. Chupani mwa binti yule unga mweupe ulikuwa umejaa: benzanilidi, zao tulilolitaka.

Saa 7. Nakula machalari, haraka. Jirani na mgahawa fundi wa bodi anachanganya puti na hadina, dawa ya kuigandisha. Ndani ya hadina ile mna benzoili peroksidi, inayotengenezwa kutokana na dawa yetu hii hii. Imo pia kwenye krimu za chunusi.

Saa 9. Tunapima joto la kuyeyuka. Benzanilidi safi huyeyuka nyuzi 163. Waliopata 155 wanaisafisha upya kwa spiriti ya moto.

Saa 11. Mabaki nimeyamaliza taratibu kwa magadi soda. Mvua inaanza tena. Nimefunga kizibo, nikazungushia utepe, kisha nikarudi kukikaza mara ya pili.